Makopa Kwenye Sakafu ya Vita

Nilimwahidi mwanamke mmoja wa Gungu, mjini Kigoma, kwamba sitasema kamwe, mbele ya mtoto wake, kuwa pacha wa mtoto huyo amekufa. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama juani, mkononi nimeshika redio ya mawasiliano ya uwanja wa ndege, na niliitoa kwa wepesi wa kijana anayedhani ameombwa jambo dogo.

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uliotangulia. Nilisomea ustawi wa jamii, nikarudi nyumbani Ujiji nikiamini kwamba mtu akielezwa jambo kwa ukweli na kwa utaratibu, atalielewa. Ilikuwa miaka ile ambayo ng'ambo ya ziwa, Zaire ilikuwa ikielekea kubadilishwa jina kwa bunduki, na Burundi ilikuwa ikimwaga watu wake kwetu kwa mitumbwi na kwa miguu. Shirika moja la misaada liliniajiri kwa mkataba mfupi pale uwanjani. Nilipokea wageni na mizigo, nilitafsiri kati ya Kiswahili, Kiha na Kiingereza, na kabla ya kila ndege kutua nilihakikisha kwamba hakuna mtu wala mbuzi kwenye njia yake.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Njia ya ndege ilikuwa ya changarawe nyekundu. Kulikuwa na jengo moja lenye veranda, chumba cha mawasiliano kilichoinuliwa kwa ngazi za saruji, na mfuko wa upepo uliochanika ncha. Lakini upande wa kushoto wa jengo, mahali ambapo majani yangepaswa kuwa yameota, kulikuwa na sakafu pana ya zege ambayo haikufanana na kitu kingine chochote mahali pale. Ilikuwa nene, ngumu, na pete kubwa za chuma zilikuwa zimezamishwa ndani yake kwa safu. Wenyeji waliiita Sakafu ya Vita. Vita gani, hawakukubaliana. Wengine walisema ni ile ya kwanza, Mjerumani alipofukuzwa ziwani. Wengine walisema ni ya pili, na kwamba pete zile zilikuwa za kufungia ndege za kijeshi zisipeperushwe na dhoruba. Nyuma yake palikuwa na handaki lililojaa matakataka. Wanajeshi waliomwaga zege hilo walikwisha ondoka zamani, na watu wa Gungu wakalirithi. Katika pete walifunga mbuzi. Juu ya sakafu wanawake walianika muhogo.

Nalazimika kueleza jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililotuponza. Muhogo wa kwetu huvundikwa majini hadi ulainike, kisha humenywa na kuanikwa, ukikauka huitwa makopa, na makopa hutwangwa kuwa unga. Ukianikwa chini hushika mchanga, na ugali wake husaga meno. Zege lile la vita lilipata moto mapema asubuhi na halikuwa na mchanga hata chembe. Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kupanga, ili makopa yasichanganyike. Mmoja alipanga duara. Mwingine aliyamwaga tu kama anayelisha kuku. Mwanamke huyu ninayemsimulia aliyapanga katika mistari miwili mirefu, iliyonyooka, inayolingana kwa urefu na kwa upana, kiasi kwamba kipande kimoja kikizidi upande huu, alikivunja na kukigawa.

Alikuwa Mrundi kwa kuzaliwa. Aliletwa upande huu akiwa mtoto mgongoni, katika wimbi la zamani la wakimbizi, akalelewa Gungu, akasoma Gungu, akaolewa na Muha wa hapo hapo. Mumewe alikuwa kibarua wa chumvi kule Uvinza na alirudi nyumbani mara chache. Mama huyu alikuja uwanjani na binti mdogo ambaye alikuwa ameanza tu kung'oka meno ya mbele.

Jirani yake kwenye sakafu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Huyo ndiye aliyekuwa akinitania kila nilipokuja kuwaondoa ndege inapokaribia.

"Haya, mwenye redio amefika!" alipaza sauti. "Leo ndege inaleta nini, kijana? Inaleta wanaume?"

"Inaleta mahindi, mama. Naomba msogee."

"Mahindi tena! Umesoma miaka yote hiyo uje ufukuze mbuzi? Mama yako anajua?"

"Mama yangu anajua, shikamoo."

"Marahaba. Mwambie nakutafutia mchumba, lakini asiwe na mbuzi, maana utamfukuza naye."

Walicheka wote, hata yule wa mistari miwili, ambaye alicheka akiwa amefunika mdomo. Siku moja nilichuchumaa karibu naye na kumuuliza kwa nini anajitesa kupima makopa kama dawa. Akasema watoto wake ni mapacha, na mama wa mapacha hafanyi jambo moja. Akinunua kitambaa, ananunua viwili. Akianika, anaanika sehemu mbili zilizo sawa. Mmoja akipunjwa, mwenzake ataugua.

Nikamtazama binti, nikatabasamu, nikauliza, "Na mwenzako yuko wapi leo?"

Yule jirani mwenye sauti alianza kupekua makopa yake ambayo hayakuhitaji kupekuliwa. Mama wa mapacha alisimama, akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye kivuli cha jengo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwenzake aliondoka kwa surua kabla hajajua kutembea, kwamba yuko nyuma ya nyumba, migombani, na kwamba kwao neno lile halitamkwi mbele ya pacha aliyebaki. Akilisikia, atamfuata mwenzake.

"Wewe ni mtu wa vitabu," alisema. "Labda utacheka. Cheka, lakini niahidi."

Sikucheka. Nilidhani ni imani tu ya watu, na chuoni tulifundishwa kuheshimu imani za watu bila lazima ya kuzishiriki. Nikaahidi.

Msomaji ambaye hakuishi Kigoma miaka ile anahitaji kujua hewa tuliyokuwa tukiivuta. Watu walikuwa wakitazamana. Mtu akinunua betri nyingi za tochi pale sokoni Mwanga, muuzaji alibaki akimsindikiza kwa macho. Mvuvi akichelewa kurudi ufukweni Katonga, iliulizwa alikuwa amebeba nini, na kwa nani. Ndege nyingine zilitua na makreti ambayo nilizuiwa kuyasogelea, zikaruka tena bila mtu kuniambia zinakwenda wapi. Nilipouliza, mkuu wangu wa kazi alinitazama kana kwamba swali langu lenyewe ni kosa. Nyumbani Ujiji jirani alinikaribisha kahawa, akaniuliza ndege ngapi zimetua, nikajikuta najiuliza anatumwa na nani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisemwa. Niliambiwa kwamba nawapigia wakimbizi makofi ya salamu kwa muda mrefu mno kwa mtu asiye na ndugu kati yao. Ni kweli niliwasalimia hivyo, kwa viganja na kwa kuinama, kama Waha wanavyosalimiana. Nilifundishwa na bibi yangu, sikufundishwa na chama chochote cha waasi.

Katika hewa hiyo alikuja afisa mmoja aliyevaa kiraia, ambaye hakuna aliyetuambia waziwazi ametoka ofisi gani. Alikuwa mpole. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, na aliuliza maswali yake kama mtu anayeuliza njia. Alipewa kiti katika chumba cha mawasiliano, na kuanzia siku hiyo kila aliyepanda ngazi zile alishusha sauti.

Asubuhi moja rubani wa ndege ya misaada, mzungu mwenye utani mwingi, alikuwa akinywa chai verandani akisubiri mizigo ishushwe. Aliniambia huku akicheka kwamba sasa tuna viwanja viwili. Kwamba akiwa juu, kabla hajaiona njia ya changarawe, aliiona mistari miwili myeupe pembeni, imenyooka kuliko njia yetu, inaelekea ziwani. Nusura atue juu yake, alisema.

Nilicheka. Afisa, aliyekuwa mlangoni, aliniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria kama mzaha ulivyokuwa. Hakucheka. Alipanda ngazi, akasimama dirishani muda mrefu akitazama sakafu, kisha akaniita.

"Njoo uone na wewe," alisema.

Nilitazama. Kwa kweli, kutoka juu, mistari ile ilikuwa kitu kingine. Pale chini ulikuwa muhogo wa mama mmoja. Hapa ilikuwa chapa nyeupe iliyopigwa juu ya zege jeusi, na ukiifuata kwa macho ilikupeleka moja kwa moja hadi majini na, ng'ambo ya maji, kwenye milima ya Zaire.

"Wakati wa vita," alisema afisa, "wanajeshi waliokuwa hapa waliwaonyesha marubani njia kwa vitambaa vyeupe. Vinatandikwa chini, rubani anasoma. Unajua hilo?"

"Hapana, mkuu."

"Hukufundishwa chuoni?"

"Nilifundishwa mambo ya watu, mkuu, sio ya ndege."

"Basi niambie ya watu. Mistari hiyo ni ya nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyoamini kwamba mambo hueleweka: muhogo, zege, mchanga, mapacha, desturi ya kulinganisha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Mistari ni miwili kwa sababu watoto ni wawili," alisema.

"Ndiyo, mkuu."

"Nimekaa dirishani hapa tangu nije. Mtoto ninayemwona ni mmoja."

Nilianza kujibu, kisha nikasikia kicheko cha binti chini ya dirisha, anakimbizana na mwana-mbuzi. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasema, "Mkuu, naomba tuzungumze pembeni."

Sikuwa nimefikiri maneno hayo yana uzito gani katika mwaka ule. Anayemwita afisa pembeni ana kitu mfukoni, au ana siri. Karani wa mawasiliano aliacha kugeuza vitufe vya redio yake ili asikie vizuri.

"Pembeni kuna nini?" aliuliza afisa, bado kwa upole. "Sema hapa. Sina siri na wewe."

"Basi naomba twende nyumbani kwake. Si mbali. Nitakueleza njiani."

"Tutakwenda," alisema. "Kwanza nimuulize mwenyewe."

Tulishuka. Wanawake walipotuona tunakuja pamoja, waliinuka mmoja mmoja. Afisa aliwasalimia wote, akachagua njia yake kati ya makopa bila kukanyaga hata kipande kimoja, akasimama mwisho wa mistari miwili. Binti alikuja kujificha nyuma ya kitenge cha mama yake.

"Mama, hujambo."

"Sijambo, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wako wangapi?"

"Wawili."

"Huyu hapa. Mwingine?"

"Ni wawili," alirudia mama.

"Nimesikia. Yuko wapi?"

Mama aliangalia chini. Niliona anabana midomo kama mtu anayezuia kikohozi. Yule jirani mwenye sauti, ambaye sijawahi kumwona ameshindwa na neno, alinong'ona tu, "Mheshimiwa, mambo ya mapacha hayaulizwi hivyo."

"Yanaulizwaje?"

Jirani alimwonyesha binti kwa macho tu.

"Mtu akiwa na watoto wawili," alisema afisa akinigeukia mimi, "na mmoja hasemi yuko wapi, mimi nitafikiri nini? Nitafikiri ni mkubwa kuliko tulivyoambiwa. Nitafikiri yuko porini. Nitafikiri anasubiri kuletewa kitu kutoka angani." Kisha akamrudia mama: "Ulizaliwa wapi?"

"Nimekulia hapa Gungu."

"Sikuuliza hilo."

"Burundi," alisema.

Sasa alikuwa na kitu anachoweza kukishika. Siku hizo amri ilikuwa imetoka kwamba Warundi wanaoishi nje ya kambi wapelekwe kambini, na lori la kuwabeba lilikuwa limeegeshwa nje ya geti la uwanja tangu asubuhi. Tayari lilikuwa na watu kadhaa na mafurushi yao. Wenyeji tulikuwa tumejiambia kwamba haliwahusu watu kama yeye, waliooa na kuolewa, walioishi nasi kuliko baadhi yetu tulivyoishi. Afisa alimwomba askari mmoja aliyekuja na lori abaki naye pale sakafuni. Kisha akaniambia, "Haya, nipeleke nyumbani."

Tulipita njia ya migombani. Tulipokuwa mbali na masikio ya mtoto nilimwambia ukweli wote: surua, umri, kaburi, na kwa nini neno halikuweza kutamkwa pale. Niliongea kwa haraka, kwa nafuu ya mtu aliyekuwa amefungwa mdomo.

"Nilijua utasema hivyo," alisema afisa. "Ni rahisi sana kumwua mtoto kwa mdomo. Kama kuna mtoto ambaye hatakiwi kuonekana, ningekuwa mimi, ningemwua hivyo hivyo."

"Mkuu, utaliona kaburi."

"Nitaona udongo."

Nilimtazama upya. Hadi wakati huo nilikuwa nimemdhania kuwa mtu asiyejua, na mtu asiyejua anaweza kuelezwa. Sasa nilianza kushuku kwamba anajua, au kwamba kujua hakumsaidii kitu. Nikamuuliza kama ni maneno ya rubani tu yaliyomtia shaka.

"Tulikuwa na taarifa za mama huyu kabla ya rubani," alijibu. Hakusema za nani.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe, bibi wa Kiha aliyekuwa akichambua maharage uani. Alimwamkia afisa kwa desturi nzima. Alipiga makofi polepole, akauliza habari za mji wake, za wazee wake, za ng'ombe wake kama anao, akapiga makofi tena. Afisa alijibu mbili za kwanza, kisha akachoka.

"Bibi, pacha wa pili yuko wapi?"

Bibi aliacha viganja vyake vimekutana. Alielekeza kidevu nyuma ya nyumba.

Palikuwa na tuta dogo kati ya migomba, limezungushiwa mawe ya ziwani meupe, na majani yake yalikuwa yamepunguzwa kwa mkono. Juu yake kulikuwa na kikombe kidogo cha bati. Afisa alizunguka tuta, akachuchumaa, akagusa udongo kwa vidole viwili, akavifuta.

"Limetunzwa," alisema. "Linaonekana la majuzi."

"Linatunzwa kila wiki," nilisema.

"Au limefunguliwa kila wiki. Ndugu yangu, mipakani tumekuta bunduki zimelazwa makaburini na msalaba juu. Sisemi kwamba hapa zipo. Nasema sijui, na wewe pia hujui. Ulikuwepo siku ya mazishi?"

Sikuwepo. Kwa mara ya kwanza, nakiri, shaka yake iliniingia na mimi, kama baridi inavyomwingia mtu aliyesimama karibu na mgonjwa. Nilimtazama bibi. Nililitazama tuta. Niliyajua yote haya kwa maneno ya mwanamke mmoja aliyenong'ona kivulini. Fikra hiyo haikudumu, lakini nilijua tangu hapo namna inavyomwingia mtu, na kwamba chuo hakinikingi nayo.

"Bibi, una jembe?" aliuliza afisa.

Bibi alianza kulia bila sauti. Wakati huo tulisikia miguu. Jirani mwenye sauti alikuwa ametufuata kwa kukatiza mashambani, kisha akarudi mbio sakafuni kusema kwamba tuko migombani, na mama wa mapacha alikuwa amekuja mbio, binti mgongoni, askari nyuma yao anahema. Kwa hiyo mtoto alikuwa pale pale, juu ya kaburi la mwenzake, afisa aliporudia kuomba jembe.

"Mama," binti aliuliza, "jembe la nini?"

"Wanataka kupanda, mwana wanje, mwanangu."

Afisa alimtazama mama huyo, kisha mtoto. Nafikiri aliona. Hadi leo nafikiri aliona kila kitu kwa wakati ule mmoja. Lakini alikuwa amekwisha sema jembe mbele ya askari.

"Mheshimiwa," alisema mama, "nikipanda lile lori, mtapanda hapa?"

Afisa alimjibu. "Ukikubali kwamba wewe ni mtu wa kambini, suala lako ni la kambi. Hapa sitakuwa na kazi."

"Na mtoto?"

"Baba yake ni Mtanzania. Unaweza kumchukua au kumwacha."

Nilimwambia asikubali. Nilisema kwa Kiha, nikasema kwa Kiswahili ili afisa asikie: kwamba ana mume, ana nyumba, kwamba nitakwenda mjini nitafute mtu wa sheria, kwamba ukweli uko upande wake. Alinisikiliza kwa adabu ile ile aliyonisikiliza nayo afisa dirishani.

"Kaka," aliniambia, "ukweli uko wapi? Si uko hapo chini? Wakiutafuta, watautoa kwa jembe, na huyu ataona."

Alimshusha binti mgongoni, akampa bibi. Akasema hawezi kumchukua, kwa sababu akimchukua mmoja atakuwa amewatenganisha wawili. Alifungua kitenge alichombebea, akakikunja, akakiweka juu ya bega la mtoto. Alisema anakwenda sokoni. Mtoto alimwomba amletee ndizi mbivu. "Ego, ndiyo," alijibu, "nitaleta," na akatangulia mwenyewe kwenye njia ya migombani, mbele ya askari, kama mtu anayeogopa kuchelewa.

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Nilisimama getini nikiwa na redio inayoniita, kwa kuwa kulikuwa na ndege inakuja na sakafu ilikuwa bado haijasafishwa.

Mambo mengine ya siku zile sijayamaliza moyoni. Wiki iliyofuata wanawake waliruhusiwa kuanika kama kawaida, na afisa alipita kati yao akisalimia. Ikiwa aliamini kweli kwamba makopa yanaita ndege, kwa nini aliwaacha? Na ikiwa hakuamini, kwa nini mama yule alipakiwa lorini siku ile? Sehemu ya mama wa mapacha, iliyokuwa nzuri kuliko zote kwa kuwa ilipata upepo wa ziwa, nilikuta imejaa makopa ya yule jirani mwenye sauti. Nilisimama nikamtazama.

"Unaniangalia hivyo kwa nini, mwenye redio?" aliuliza. Utani ulikuwa umemtoka sautini. "Sehemu ikikaa wazi, mbuzi wanailalia. Ningeiachia mbuzi?"

"Sijasema kitu, mama."

"Hujasema. Lakini unafikiri."

Nilikuwa nafikiri. Nilimshuku kwa sababu ya sehemu, na nilishindwa kumshuku kwa sababu alikuwa amekimbia mashambani hadi viatu vikamvuka miguuni kwenda kumwita mwenzake. Baadaye nilimshuku karani wa mawasiliano, kisha mkuu wangu wa kazi, kisha jirani yangu wa kahawa kule Ujiji. Sikupata kujua nani alipeleka taarifa. Niliacha kazi mkataba ulipoisha, na sikuomba mwingine.

Mume wa mama wa mapacha aliporudi kutoka Uvinza alimfuata kambini. Aliambiwa amehamishiwa kambi nyingine. Huko nako aliambiwa kwamba kundi lake lilivushwa kurudi Burundi, na mwingine akamwambia hapana, alionekana akiuza unga karibu na mpaka. Aliendelea kumtafuta kila alipopata nauli, hadi afya ilipomwacha.

Binti sasa ni mtu mzima. Bibi yake alimweleza kila kitu yeye mwenyewe, alipoona msichana amekua na hawezi tena kumfuata mwenzake kwa neno. Binti huyo ndiye aliyeniita Gungu, akanikalisha uani, akaniomba niandike, akaniruhusu nilitaje lile ambalo niliahidi kutolitaja mbele yake. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema anataka mama yake apatikane, na kwamba mtu hawezi kupatikana kwa hadithi nusu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ikiwa uliishi katika kambi zile, au uko ng'ambo ya mpaka, au unamjua mama wa Kirundi aliyekulia Gungu na kupakiwa kwenye lori nje ya uwanja wa ndege wa Kigoma, mwambie kwamba migombani hapakuchimbwa, na kwamba binti yake yuko nyumba ile ile, anamsubiri.